Mzigo wa siku tano kwa baiskeli kando ya Ziwa Kivu

Swali: Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Bukoba. Katika likizo ya Juni, mimi na mdogo wangu wa kiume tunakusudia kuendesha baiskeli kwa siku tano katika njia ya Congo Nile Trail nchini Rwanda, kutoka Rubavu hadi Rusizi. Tuna baiskeli za milimani zenye magurudumu ya inchi 26, breki za raba na keria nyuma. Nimepima vitu vyangu kwenye mizani ya dukani: hema, jiko la gesi na sufuria, mchele na maharage kilo tatu, jinzi mbili, viatu jozi tatu na vinginevyo, jumla kilo 23. Pampu na viraka vimo. Nipunguze nini, na nimesahau nini?

Jibu: Mwalimu, nakushukuru kwa kupima mzigo kabla ya kuuliza, maana wengi huandika orodha ndefu bila kujua ina uzito gani, kisha mlima wa kwanza ndio unaowajulisha. Kilo 23 ni nyingi mno kwa njia hiyo. Hata hivyo, ukiisoma tena orodha yako utaona kwamba kasoro yake si uzito peke yake. Sehemu kubwa ya kilo hizo ni maandalizi ya kuishi porini, ilhali unakwenda mahali ambapo watu ni wengi na pori ni haba. Na vitu vinavyoweza kweli kuisimamisha safari, yaani breki, skrubu za keria, tairi na mnyororo, umeviwekea pampu na viraka basi. Karibu yote nitakayokueleza yanatokana na tofauti hiyo.

Njia hiyo ina urefu wa kilomita 227, kwa hiyo siku tano ni wastani wa kilomita 45 kwa siku. Kwenye lami ya tambarare hilo ni jambo la asubuhi moja. Huko si hivyo, kwa sababu uso wa Ziwa Kivu wenyewe uko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na njia haifuati ufuko, bali hupanda kila kilima na kuteremka hadi karibu na maji, kisha hupanda tena. Jina lake limetokana na safu ya milima inayogawa mito: maji ya upande wa magharibi huishia Kongo, na ya upande wa mashariki huenda Nile kwa kupitia Nyabarongo na Kagera, mto huohuo unaomwaga maji yake katika Ziwa Victoria hapo kaskazini mwa mji wenu. Nimetaja hilo kwa sababu linakusaidia kuukadiria ukubwa wa milima: mtapanda na kuteremka ubavu wa safu ambayo mvua yake husafiri hadi kwenu.

Sehemu ya kaskazini, kutoka Rubavu kupitia Kinunu hadi Karongi, kwa kiasi kikubwa ni ya udongo na mawe, nayo ndiyo ngumu zaidi. Kusini yake mnaweza kuingia kwenye barabara ya lami pale mnapochoka. Maana yake ni kwamba siku zenu mbili za kwanza ndizo zitakazoujaribu mzigo, wakati miili yenu bado haijauzoea.

Nianze na hema, kwa kuwa najua ndicho kitu kitakachokuuma kukiacha. Rwanda ni miongoni mwa nchi zenye msongamano mkubwa kabisa wa watu katika bara letu, na vilima vya kando ya Kivu vimelimwa na kujengwa hadi juu. Ukisimamisha hema mahali popote jioni, umelisimamisha katika shamba la mtu. Vituo vya njia hiyo vina nyumba za wageni, zikiwemo za parokia, ambazo mara nyingi ni safi na tulivu kuliko hoteli ndogo za mjini, na zipo kambi chache zilizotengwa. Kwa watu wawili wanaofika kituoni kabla ya giza, hema ni kilo tatu za wasiwasi. Liache nyumbani, na badala yake chukua shuka jepesi lililoshonwa kama mfuko, kwa ajili ya kulalia pale ambapo matandiko hayakuridhishi. Piga simu katika nyumba ya wageni ya mbele kila asubuhi kabla ya kuondoka.

Jiko la gesi, sufuria, mchele na maharage vifuate hema. Mtapita senta za biashara zenye chapati, mandazi, chai, ndizi na viazi, na katika miji mtakula wali, maharage na samaki wa ziwani. Dagaa wa huko, isambaza, ni jamaa yetu wa karibu: walitolewa Ziwa Tanganyika na kupandikizwa Kivu miaka ya mwisho ya 1950, na anayewajua dagaa wa Kigoma atawatambua kwa sura na kwa ladha. Chakula cha kubeba kiwe kile cha kukutoa senta moja hadi nyingine: karanga zilizokaangwa, ndizi mbivu, mayai ya kuchemsha ya siku hiyo, na pakiti mbili za biskuti ambazo hamtazifungua ila mkikwama. Kilo moja kwa kila mtu inatosha, na mnaijaza upya kila siku.

Maji ni habari nyingine, kwa sababu lita moja ni kilo moja nawe huwezi kuyakwepa. Kila mmoja awe na nafasi ya lita tatu, lakini msizijaze zote kila asubuhi. Jazeni kulingana na umbali wa senta inayofuata na ukali wa jua. Maji ya bomba na ya ziwa yatiwe vidonge vya kutibu maji na kusubiriwa kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti. Ukanda mmoja wa vidonge ni mwepesi kuliko chupa moja ya akiba.

Sasa nije kwenye yale uliyoyapa nafasi ndogo. Kwenye mteremko mrefu wa vumbi na mawe, breki za raba hukabiliwa na mambo mawili kwa pamoja: joto linalotokana na kusuguana na rimu, na chembe za mchanga zinazoingia katikati na kuitafuna raba kama msasa. Raba ambayo Bukoba ingekutosha mwaka mzima inaweza kuisha kwa siku chache. Baiskeli nyingi za mafundi wa vijijini ni zile kubwa za magurudumu ya inchi 28, ambazo breki zake ni za aina nyingine kabisa, hivyo usitegemee kupata raba zako dukani njiani. Kila baiskeli ianze safari na raba mpya, waya mpya za breki na za gia, na katika mkoba kuwe na jozi mbili za raba na waya mmoja wa kila aina. Wakati wa kuteremka, usikamate breki mfululizo kwa nguvu ndogo. Kamata kwa nguvu, punguza mwendo, achia rimu ipoe, kisha kamata tena. Mzigo ukipungua kutoka kilo 23 hadi 11, breki hizo nazo zinapunguziwa kazi, na hapo ndipo utaona kwamba hema na breki ni suala moja.

Hoja hiyohiyo ya inchi 28 inahusu tyubu. Chukueni tyubu tatu mpya za inchi 26 kwa baiskeli zote mbili. Ni bahati njema kwamba magurudumu yenu yanalingana, na nawashauri mhakikishe hata valvu zake ni za aina moja, ili pampu moja iwahudumie wote. Pancha ya kwanza badilisheni tyubu, na iliyotoboka izibeni jioni mkiwa mmekaa, mikono mikavu na taa ya kutosha. Gundi ya viraka ikishafunguliwa hukauka, hivyo beba kitube kipya ambacho hakijatobolewa. Ongeza kipande cha tairi kuukuu chenye urefu wa kidole, kilichokatwa kingo zake vizuri, cha kuweka ndani ya tairi iwapo jiwe litalichana ubavuni. Bila hicho, tyubu mpya itachomoza kwenye tundu na kupasuka palepale.

Kuhusu mnyororo, beba kifaa cha kukatia na pingili mbili za kuunganishia zinazolingana na idadi ya gia zako za nyuma, kwani pingili ya gia saba haifai kwa mnyororo wa gia tisa. Chupa ndogo ya mafuta ya mnyororo na kitambaa kikuukuu ni vya kila jioni: futa vumbi kwanza, ndipo utie mafuta, tone moja kwa kila pingili, kisha ufute yaliyozidi, kwa maana mafuta juu ya vumbi hutengeneza uji wa kusaga chuma. Spoku nne za urefu wa magurudumu yenu zifungeni kwa tepu kwenye fremu. Kabla ya kuondoka, mpelekee fundi gurudumu la nyuma alinyooshe na kukaza spoku zote kwa usawa, kwa kuwa ndilo linalobeba keria na mwili wako.

Skrubu za keria naziombea nafasi ya pekee. Nilipopita njia hiyo mara ya kwanza, skrubu moja ya chini ya keria ililegea kwa mtikisiko wa mawe na kuanguka bila mimi kujua. Keria iliinamia upande, mkanda wa mkoba ukaingia kwenye spoku, na gurudumu likajifunga nikiwa kwenye mteremko. Sikuumia sana, lakini tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kugusa kila skrubu kwa mkono asubuhi kabla ya chai. Beba skrubu nne za ziada za ukubwa huo, na kabla ya safari fungua zilizopo, tia tone la rangi ya kucha kwenye uzi wa kila moja, kisha uikaze. Rangi ikikauka huizuia kujifungua yenyewe, na bado utaweza kuitoa kwa spana utakapohitaji. Mikanda yote yenye ncha inayoning'inia ikunjwe na kufungwa.

Seti moja ya vifaa inawatosha wote wawili: funguo za pembe sita za ukubwa mnaotumia, bisibisi, spana ndogo, koleo dogo, vikwangulio viwili vya kutolea tairi, waya laini, tepu na kamba kadhaa za mpira zilizokatwa kutoka tyubu kuukuu. Vyote hivyo pamoja na vipuri havitazidi kilo mbili na nusu. Vikae kwa yule anayeendesha nyuma. Wa mbele akiharibikiwa, mwenye vifaa atamfikia tu. Kinyume chake, aliyeharibikiwa nyuma atabaki akiutazama mgongo wa mwenye vifaa ukipotelea konani.

Namna ya kupanga vitu kwenye baiskeli ni muhimu sawa na uteuzi wake. Ukirundika kila kitu juu ya keria, mzigo utakaa juu na nyuma ya ekseli, na katika mpando mkali gurudumu la mbele litakuwa jepesi na kuyumba, hata kuinuka. Tumia mikoba miwili ya pembeni, ya kulia na ya kushoto, iliyopimwa ikakaribiana uzito, na vitu vizito viwekwe chini kabisa na mbele, karibu na ekseli. Vifaa na vipuri, kwa kuwa ni chuma, vingefaa kufungwa ndani ya pembetatu ya fremu. Juu ya keria pawekwe vitu vyepesi tu, kama koti la mvua na sweta. Mgongoni usibebe kitu, kwa sababu begi la mgongoni hushusha uzito wake wote kwenye tandiko na viganja, na jasho lake huleta vidonda. Hakikisha pia kisigino chako hakigusi mkoba unapokanyaga pedali.

Juni ni kiangazi huko, lakini vilima hivyo viko karibu na msitu wa Nyungwe na mvua ya ghafla si ajabu, kwa hiyo vitu vya ndani vilindwe. Hapa nakuonya jambo moja ambalo msafiri anaweza kulijua baada ya kupekuliwa mpakani: Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, zaidi ya miaka 10 kabla ya Tanzania kufanya hivyo tarehe 1 Juni 2019, nao husimamia sheria hiyo kwa dhati. Usifunge nguo zako kwa nailoni. Nunua au shonesha mifuko ya kitambaa kisichopitisha maji, mmoja wa nguo, mmoja wa simu na nyaraka.

Nguo zenyewe ziwe za aina mbili: za kuendeshea na za jioni. Jinzi zote mbili zibaki. Jinzi ni nzito, ikilowa haikauki usiku mmoja, na mishono yake minene ndiyo itakayokuumiza unapokaa kwenye tandiko saa sita kwa siku. Chukua kaptura mbili za baiskeli zenye sponji, zivaliwe bila nguo ya ndani, moja ikivaliwa nyingine ikikauka. Juu yake vaa suruali pana nyepesi au sketi fupi ya michezo kwa heshima ya vijiji mnavyopita. Fulana mbili za kitambaa kinachokauka haraka, moja ya mikono mirefu kwa ajili ya jua, soksi jozi tatu, sweta moja kwa kuwa usiku huko ni baridi kuliko Bukoba, koti jepesi la mvua, glavu na kofia ngumu ya baiskeli. Kwa jioni, suruali moja na blauzi moja. Viatu viwe vile unavyoendeshea na kandambili. Kanga, ambayo sikuiona kwenye orodha yako, nakuombea uichukue: ni taulo, ni shuka, ni pazia la kubadilishia nguo, ni kivuli cha mapumziko, na ina uzito wa gramu chache mno kwa kazi hizo zote. Taulo zito liache. Taulo za hedhi uchukue za kutosha kutoka nyumbani, hata kama hesabu ya siku inaonyesha hutazihitaji, kwa kuwa juhudi kubwa ya mwili inaweza kuubadilisha mzunguko.

Dawa zisizidi ukubwa wa kiganja: chumvichumvi za kuongezea maji mwilini, dawa ya maumivu mnayoitumia kwa kawaida, dawa ya kusafishia vidonda, bandeji, plasta, mafuta mazito ya kupaka panapochubuka, ya kuzuia jua na ya kufukuza mbu. Mwenye dawa za kila siku azigawe sehemu mbili katika mikoba tofauti.

Yako mambo madogo matatu yanayomhusu mtu anayetoka Tanzania. La kwanza ni plagi: soketi za Rwanda ni za pini mbili za duara, na chaja yako ya pini tatu bapa haitaingia, hivyo beba adapta pamoja na benki ya umeme. La pili ni upande wa barabara. Rwanda magari hupita kulia, kwa hiyo yatakupita kwa kushoto kwako. Kama una kioo cha kutazamia nyuma, kihamishie upande wa kushoto wa usukani kabla ya kuondoka. La tatu ni saa. Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja, na jua ulilozoea kuliona likizama karibu saa moja jioni, huko litazama mara tu baada ya saa kumi na mbili. Weka saa yako sawa mpakani Rusumo, na taa za mbele na za nyuma zikae juu ya mkoba, si chini yake. Pasipoti na cheti cha chanjo ya homa ya manjano viwe mwilini mwako. Faranga ziwe za noti ndogo, kwa sababu muuza chapati wa kilimani hana chenji; benki mtazikuta Rubavu, Karongi na Rusizi. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, na kando ya ziwa, kwa ujirani wa Goma na Bukavu, mtapata wengi wa kuzungumza nao. Pamoja na hayo, "muraho" (habari) na "murakoze" (asante) za Kinyarwanda hufungua nyuso.

Usisahau kwamba safari ya kwanza ya baiskeli zenu ni ya basi. Nimeona baiskeli nyingi zikiharibika kwenye buti la basi kuliko kwenye mawe: gunia huwekwa juu yake, kipande kidogo cha aluminiamu kinachoshikilia gia ya nyuma hupinda, na mwenye baiskeli huligundua hilo anapoingiza gia kubwa na mashine nzima kuvutwa ndani ya spoku. Ifungueni gia ya nyuma kutoka kwenye fremu, izungusheni kitambaa na kuifunga ndani kati ya mabomba, toeni pedali mkikumbuka kwamba ya kushoto hufunguka kwa kuzungushwa upande wa kulia, na geuzeni usukani ulale sambamba na fremu. Kile kipande cha aluminiamu hutofautiana kwa kila aina ya baiskeli, kwa hiyo nunueni kimoja cha akiba kwa kila baiskeli, maana huko njiani hamtakipata.

Kwa mpango huu mzigo wako utakuwa karibu kilo 11 bila maji. Wiki mbili kabla ya kuondoka, fungeni kila kitu kama mtakavyokifunga siku yenyewe na mwende Kemondo na kurudi, mkichagua vilima badala ya kuvikwepa. Mkirudi, mwageni mikoba yote sakafuni, kazeni upya skrubu zilizolegea, na kila kitu ambacho hakikuguswa wala si kipuri, dawa au koti la mvua, kirudisheni kabatini.